Vizimba vya Atomu na Elektroni Zisizofuata Mkumbo

Mwaka 2002 kikundi cha watafiti cha Brian Maple, katika Chuo Kikuu cha California kule San Diego, kilitangaza kwamba fuwele ya praseodimi, osmi na antimoni, PrOs₄Sb₁₂, hupoteza ukinzani wake wote wa umeme inapopozwa hadi kelvini 1.85, yaani nyuzi 271 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Namba hiyo peke yake haikumkosesha mtu usingizi, kwa kuwa metali zinazogeuka superkondakta kwenye baridi kali kama hiyo ni nyingi. Yaliyoshtua ni mengine. Elektroni zake zilijiendesha kana kwamba zina uzito wa mara hamsini hivi ya elektroni huru. Atomu ya praseodimi, ambayo kwa kawaida hutarajiwa kuwa sumaku ndogo, ilikuwa imetulia katika hali isiyo na usumaku. Na mwaka mmoja baadaye, chembe ziitwazo muoni zilionyesha kwamba fuwele ikishageuka superkondakta, ndani yake huzuka uga dhaifu wa sumaku ambao hakuna aliyeuweka.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha makala haya. Superkondakta tunayoifundisha shuleni hufukuza sumaku. Hii inazaa yake.

Tuanze na ile ya kawaida. Heike Kamerlingh Onnes aligundua jambo hili mjini Leiden mwaka 1911, alipopoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika na kuona ukinzani ukitoweka ghafla karibu na kelvini 4.2. Maelezo yalichelewa hadi 1957, yalipotolewa na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni husukumana kwa sababu zote zina chaji hasi. Lakini ndani ya metali, elektroni inayopita huvuta kidogo ayoni chanya, yaani atomu zilizoachia baadhi ya elektroni zake, zilizo kandokando ya njia yake, na kwa kuwa ayoni ni nzito na hazina haraka, msongamano huo wa chaji chanya hubaki kwa muda hata baada ya elektroni yenyewe kwenda zake. Elektroni ya pili huvutwa na mabaki hayo. Kwa njia hiyo elektroni mbili hushikamana bila hata kukaribiana, na jozi yao ndiyo iitwayo jozi ya Cooper. Katika jozi ya kawaida, elektroni moja ikienda huku nyingine huenda kule, na spini ya moja, yaani mzunguko wake wa asili unaoifanya iwe kama sumaku ndogo, ikielekea juu, spini ya mwenzake huelekea chini.

Jozi hizo zote huingia katika hali moja ya kwanta na kwenda kama wimbi moja. Kuivunja jozi moja hugharimu kiasi maalumu cha nishati, na gharama hiyo huitwa pengo. Pengo ni muhimu kwa mpimaji: likiwa kamili pande zote za fuwele, basi ukizidi kupoza, elektroni huru huisha haraka mno, na uwezo wa fuwele kubeba joto huporomoka. Pengo likiwa na matundu, yaani mielekeo ambayo gharama yake ni sifuri, elektroni chache huendelea kuponyoka hata kwenye baridi kali, na mporomoko huo huwa wa polepole.

Sasa ulinganifu. Kwa mwanafizikia, ulinganifu ni badiliko unaloweza kulifanya bila mfumo kujali. Zungusha fuwele ya mchemraba kwa nusu au theluthi ya duara kuzunguka mhimili unaofaa, na atomu zake zote zitaangukia mahali palepale palipokuwa na atomu. Superkondakta yoyote, hata ya zebaki, huvunja ulinganifu mmoja: mawimbi ya elektroni, ambayo mwanzoni yangeweza kuwa katika awamu yoyote, yaani hatua yoyote ya kupanda na kushuka kwa wimbi, huchagua awamu moja kwa pamoja. Bila uchaguzi huo hakuna superkondakta. Isiyo ya kawaida ni ile inayovunja ulinganifu mwingine juu ya huo. Inaweza kuwa ulinganifu wa mielekeo ya fuwele, kiasi kwamba jozi zinapendelea upande fulani ingawa atomu hazipendelei. Au inaweza kuwa ulinganifu wa wakati.

Kugeuza wakati hapa hakuna maana ya kurudi jana. Maana yake ni kugeuza mwendo wa kila kitu: elektroni iliyokuwa ikienda kushoto iende kulia, mkondo uliozunguka huku uzunguke kule, spini iliyoelekea juu ielekee chini. Jozi ya kawaida haijali kabisa badiliko hilo, kwa kuwa ukigeuza elektroni zake zote mbili unapata jozi ileile. Philip Anderson alionyesha mwaka 1959 kwamba hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kila elektroni hujiunga na pacha wake wa wakati uliogeuzwa, na kwa sababu hiyo uchafu wa kawaida ndani ya metali hauidhuru sana jozi. Uchafu wenye usumaku, kinyume chake, humtendea pacha mmoja tofauti na mwenzake na kuivunja jozi mapema.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wanafizikia waliamini kwamba sumaku na superkondakta ni maji na mafuta. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake walipogundua superkondakta ndani ya CeCu₂Si₂, fuwele iliyojaa ayoni za seri zenye usumaku, wengi hawakutaka kuamini. Kumbe palipo na elektroni nzito, sumaku yenyewe huenda ndiyo gundi.

Kizimba na mgeni wake

PrOs₄Sb₁₂ ni ya ukoo wa skuteruditi, uliopata jina kutoka Skutterud nchini Norwei, kwenye migodi ya kobalti. Madini ya asili ni muungano wa kobalti na aseniki, na muundo wake una nafasi tupu kubwa kupita kawaida. Mwaka 1977 Wolfgang Jeitschko na Dietrich Braun walionyesha kwamba nafasi hizo zinaweza kujazwa: walitengeneza LaFe₄P₁₂, ambamo kila atomu ya lanthani imezungukwa na atomu kumi na mbili za fosforasi. Huo ndio muundo wa vizimba. Antimoni ikichukua nafasi ya fosforasi, kizimba hupanuka, na mgeni aliyemo hukosa kitu cha kumbana. Hutikisika ndani yake kama mbegu ndani ya kayamba.

Mtikisiko huo ulijulikana na watu wa fani nyingine kabla ya wapenzi wa superkondakta kuushangilia. Mitetemo ya joto inayosafiri ndani ya fuwele hujikwaa kwa mgeni anayehangaika, kwa hiyo fuwele hupitisha joto vibaya huku ikiendelea kupitisha umeme vizuri. Hiyo ndiyo sifa inayotafutwa katika vifaa vya kugeuza joto kuwa umeme, na katika miaka ya 1990 skuteruditi zilizojazwa zilichunguzwa sana kwa ajili hiyo.

Kwa superkondakta, kizimba kina kazi mbili zaidi. Ya kwanza: mgeni ana majirani kumi na wawili, wote kwa umbali mmoja, kwa hiyo elektroni zake za ndani, zile za ganda la f, zina milango mingi ya kuchanganyika na elektroni zinazosafiri. Mchanganyiko huo ndio unaozifanya elektroni zionekane nzito. Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utamu zaidi: umbo la kizimba ndilo linaloamua hali za nishati za mgeni. Ayoni ya praseodimi ikiwa peke yake ina hali tisa zenye nishati sawa. Ikiwekwa ndani ya kizimba cha antimoni, hali hizo hutengana katika makundi. Ya chini kabisa hubaki moja tu, isiyo na usumaku. Juu yake kuna kundi la hali tatu, na umbali kati ya hiyo na hizo ni mdogo ajabu, takriban kelvini 8 ukiupima kwa joto.

Kwa hiyo praseodimi ndani ya kizimba chake si sumaku, lakini iko jirani mno na kubadilika. Kinachobadilika kwa urahisi ni umbo la wingu lake la elektroni, yaani kurefuka upande mmoja na kubonyea upande mwingine. Ukiiweka fuwele hii katika uga wa sumaku wa kadiri ya tesla 5 hadi 14, mawingu hayo hujipanga kwa utaratibu, kila moja likipishana na majirani zake. Uga ukiwa haupo, mpangilio haupo, ila tamaa ya kujipanga bado ipo. Vipimo vya nyutroni vimeionyesha tamaa hiyo kama msisimko unaosafiri kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Wazo lililofuata halikuwa gumu kulifikia: labda gundi inayounganisha jozi za Cooper humu si mitetemo ya ayoni wala usumaku, bali ni haya mawimbi ya maumbo.

Kuna hoja rahisi inayolipa wazo hilo uzito. Toa praseodimi, weka lanthani, ambayo haina elektroni ya f hata moja: LaOs₄Sb₁₂ hugeuka superkondakta kwa kelvini 0.74 tu. Badala yake acha praseodimi na ubadilishe osmi kwa ruteni: PrRu₄Sb₁₂ hufikia takriban kelvini 1.1, na tabia zake ni za kawaida. Mgeni aliyetarajiwa kuharibu jozi ndiye aliyeongeza halijoto zaidi ya mara mbili. Huwezi kulipuuza jambo kama hilo.

Muoni zinavyosoma sumaku isiyoonekana

Uga unaozungumziwa hapa ni wa kadiri ya gausi moja, usiotofautiana sana na ule wa dunia unaoelekeza dira. Dira haiwezi kuingizwa kati ya atomu, ila muoni inaweza. Muoni chanya ni chembe yenye uzito wa mara 207 hivi ya elektroni, inayoishi kwa wastani maikrosekunde 2.2. Mashine za ISIS nchini Uingereza, Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, TRIUMF nchini Kanada na J-PARC nchini Japani huzitoa kwa wingi, tena spini zao zote zikielekea upande mmoja. Muoni ikipigwa kwenye fuwele hutulia mahali fulani kati ya atomu. Kama kuna uga hapo, spini yake huanza kuyumba. Inapokufa hutoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, na positroni hupendelea kutokea upande ule spini ilikoelekea. Ukihesabu mamilioni ya positroni na pande zilikotokea, unapata picha ya uga ambao muoni ziliukuta.

Kazi ngumu ni kuondoa sumaku nyingine zote. Uga wa dunia hufutwa kwa koili zilizozunguka kifaa, la sivyo utakuwa unapima dunia. Baada ya hapo hubaki uga wa viini vya atomu, ambao haujali kama fuwele imegeuka superkondakta au la. Mwaka 2003 Yuji Aoki na wenzake waliripoti kwamba katika PrOs₄Sb₁₂ spini za muoni hupoteza mpangilio wake kwa kasi zaidi pindi tu halijoto inaposhuka chini ya ile ya kugeuka superkondakta. Hakukuwa na sumaku ya nje. Kilichobadilika ni kuzaliwa kwa jozi, basi jozi ndizo zenye sumaku. Mwaka 2018 njia nyingine kabisa ilikubaliana nao: mwanga ulioakisiwa na fuwele hiyo ulirudi ukiwa umegeuzwa kidogo mwelekeo wa mtetemo wake, jambo ambalo hutokea tu ulinganifu wa wakati ukiwa umevunjika.

Jozi hupataje sumaku? Jozi yenye umbo moja tu haiwezi. Lazima kuwe na angalau maumbo mawili yenye haki sawa, kisha superkondakta iyachanganye kwa namna maalumu: wimbi la umbo la pili likiwa nyuma ya la kwanza kwa robo ya mzunguko. Mchanganyiko huo huzunguka. Geuza wakati, nao utazunguka kinyume, yaani utapata hali nyingine yenye nishati ileile lakini si hali ileile. Fuwele imechagua moja kati ya mbili, na pengine sehemu moja ya fuwele imechagua hii na sehemu nyingine ile. Mikondo ya superkondakta yenyewe hufuta sehemu kubwa ya sumaku inayotokana na mzunguko huo, kwa hiyo kinachobaki cha kuonwa na muoni ni mabaki kwenye mipaka kati ya sehemu hizo, kwenye dosari na kwenye kingo. Ndiyo maana uga ni mdogo hivyo.

Mashahidi wasiopatana

Hapa ndipo mambo yanapochafuka. Mchanganyiko wa namna hiyo, kwa hesabu za ulinganifu, mara nyingi huacha matundu kwenye pengo. Vipimo vya kwanza vya PrOs₄Sb₁₂ viligawanyika. Upitishaji wa joto ndani ya uga uliozungushwa ulidokeza matundu, tena ukadokeza hali mbili tofauti za superkondakta ndani ya fuwele moja. Kina ambacho sumaku hupenya kwenye uso wa fuwele kilidokeza matundu pia. Lakini muoni, zikitumika kupima kina hichohicho ndani ya fuwele, zilisema pengo ni kamili, na vipimo vya baadaye vya upitishaji wa joto mwaka 2006 vilielezwa vizuri kwa mapengo mawili kamili ya ukubwa tofauti, kila moja likiwa la kundi lake la elektroni. Hata ile miruko miwili iliyoonekana kwenye uwezo wa kubeba joto, iliyoshangiliwa kama dalili ya superkondakta mbili, ilitoweka katika fuwele zilizopunguzwa ukubwa. Somo lilikuwa chungu: ubora wa fuwele ulikuwa sehemu ya habari tangu mwanzo.

Ndugu yake mdogo anatatiza zaidi. PrPt₄Ge₁₂, yenye vizimba vya germani, hugeuka superkondakta kwa kelvini 7.9, na muoni zimeona uga wa ndani humo pia. LaPt₄Ge₁₂ hugeuka kwa kelvini 8.3, bila uga. Kufikia hapo ungeweza kusema praseodimi ndiye mchawi. Tatizo ni kwamba katika germani hali za praseodimi zimeachana sana, elektroni si nzito kama zile, na halijoto ya fuwele hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba ni vigumu kusema gundi zake ni tofauti. Praseodimi inaonekana kubadilisha tabia ya jozi bila kubadilisha sana nguvu yake.

Kisha zikaja fuwele ambazo hazina elektroni ya f ya kulaumiwa. Mwaka 1980 Joseph Remeika na wenzake katika maabara za Bell walieleza familia ya kampaundi za rodi na bati, zilizokuzwa ndani ya bati iliyoyeyushwa, nazo pia ni za vizimba. Miongoni mwake ni Lu₅Rh₆Sn₁₈, inayogeuka superkondakta kwa takriban kelvini 4, na Y₅Rh₆Sn₁₈, kwa takriban kelvini 3. Luteti ina ganda la f lililojaa, na itri haina kabisa. Hakuna usumaku, hakuna elektroni nzito, hakuna mawingu yanayotamani kujipanga. Ya luteti hubeba joto kama superkondakta ya kitabuni yenye pengo kamili. Hata hivyo mwaka 2015 muoni za ISIS zilionyesha uga ukizuka ndani ya zote mbili pindi zinapogeuka superkondakta.

Kwa muundo wa fuwele hizi, hesabu za ulinganifu huruhusu njia mbili kuu za kuvunja ulinganifu wa wakati. Moja ni jozi zenye spini kinyume zinazozunguka, nyingine ni jozi ambazo spini za elektroni zote mbili huelekea upande mmoja, kwa upendeleo wa mwelekeo fulani. Zote mbili hudai matundu kwenye pengo, na kipimo hakiyaoni. Wananadharia wana mlango wa kutokea: matundu yanaweza kuangukia mielekeo ambayo fuwele haina elektroni, hivyo yasionekane, au jozi zinaundwa kati ya elektroni za obiti tofauti, yaani maumbo tofauti ya wingu la elektroni, za atomu moja, na hapo hesabu ya matundu hubadilika. Mlango wa pili unanivutia zaidi, maana vizimba vina atomu nyingi katika kila chumba kimoja cha fuwele, na kwa hiyo obiti nyingi za kuchagua. Lakini mtu akiniambia ni maelezo yaliyotafutwa baada ya jibu kujulikana, sitabishana naye sana.

Nikisoma matokeo haya sikosi kukumbuka Sr₂RuO₄, fuwele ya stronti, ruteni na oksijeni. Yoshiteru Maeno na wenzake waliigundua kuwa superkondakta mwaka 1994. Mwaka 1998 muoni ziliona uga ndani yake, na vipimo vya mwangwi wa viini vya atomu vikaonekana kusema jozi zake zina spini sambamba. Kwa miaka ishirini ilikuwa mfano wa vitabuni. Mwaka 2019 vipimo vya mwangwi vilirudiwa kwa uangalifu, ikabainika kwamba mipigo ya redio iliyotumika awali ilikuwa ikiipasha fuwele joto, na jozi za spini sambamba zikakosa mtetezi. Ushahidi wa muoni haukufa pamoja nazo. Ulibaki ukitafuta maelezo mengine.

Kwa vizimba swali la aina hiyo ni la haki pia. Muoni ina chaji chanya, na ikitulia karibu na mgeni anayetikisika inaweza kumsukuma na kubadilisha mazingira yake. Watafiti wanalijua hilo. Huweka uga mdogo wa nje sambamba na spini za muoni, na dalili ikitoweka, hujua uga wa ndani umetulia na si mtikisiko. Hulinganisha na fuwele ya lanthani yenye kizimba kilekile. Na wamechanganya ruteni au lanthani ndani ya PrOs₄Sb₁₂ kidogo kidogo, wakaona uga ukififia kadiri mchanganyiko unavyoongezeka. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonishawishi zaidi, kwa sababu muoni ni ileile na kizimba ni kilekile. Kilichobadilika ni elektroni.

Kipimo kinachoweza kukata shauri kipo, na kimeshatumika kwa Sr₂RuO₄: ibane fuwele upande mmoja. Kama maumbo mawili ya jozi yana haki sawa kwa sababu fuwele ni ileile pande zote, basi kubana kunaondoa usawa huo. Umbo moja litatangulia kuzaliwa na jingine litachelewa, na halijoto ya kupoteza ukinzani itaachana na halijoto ya kuzuka kwa sumaku. Zisipoachana, maumbo hayo hayakuwa mapacha wa ulinganifu, na sehemu kubwa ya nadharia niliyoieleza hapo juu itabidi iandikwe upya.